Kuhamisha Mfumo, Kuhamisha Majina: Historia ya Kumbukumbu za Wakimbizi Omugo, West Nile

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kumbukumbu za watu katika eneo la Omugo, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kuanzia daftari la karatasi hadi kuhamishwa kwa taarifa za wakimbizi kutoka mfumo wa RIMS kwenda proGres toleo la 4 mwaka 2018. Hoja inayojengwa ni kwamba ugumu wa uhamisho ule haukuwa katika mashine bali katika majina. Alama za vidole na mboni za macho zilijibu kama mwili uliosimama mbele ya meza ni uleule ulioandikishwa awali. Hazikujibu mwenye mwili huo anaitwaje, ni wa kaya ya nani, na jina lake liandikwe kwa tahajia ipi. Maswali hayo yalijibiwa na wakalimani.

1. Utangulizi

Wataalamu wa kompyuta wanapojadili kuhama kutoka programu kongwe kwenda jukwaa jipya, mifano yao huwa ni ya benki, kampuni za bima na maghala ya bidhaa. Huko rekodi iliyopotea ni hasara ya fedha, na mteja ana tawi la kwenda kulalamika. Omugo hali ni nyingine. Eneo hilo lipo Terego, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Arua hadi ilipofanywa wilaya kamili Julai 2020. Tangu mwaka 2017 limekuwa upanuzi wa makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, na wakazi wake wapya ni watu wa Sudani Kusini. Kwao rekodi ndiyo chakula cha mwezi, ndiyo laini ya simu, ndiyo jina litakaloandikwa katika cheti cha mtoto. Rekodi ikikosekana baada ya uhamisho, mwenyewe anakuwepo kijijini na hayupo katika mfumo.

Kiswahili kinatusaidia kuliona jambo hili kwa namna yake. Kitenzi hama kinazaa hamia, hamisha na hamishia, na kila umbo linadai nomino zake. Anayehama hahitaji mtendwa, lakini anayehamisha lazima awe na kitu au mtu anayemwondoa mahali. Vitabu vya kompyuta husema data “zimehama”, kana kwamba zilijifungia mizigo na kuondoka. Data hazihami. Kuna anayezihamisha, na njiani huamua zipi zibaki. Makala haya yanamtafuta mhamishaji huyo na kueleza aliamua nini.

2. Daftari kabla ya kompyuta

West Nile ilibadilisha watawala mara kwa mara. Ilikuwa sehemu ya Lado iliyoshikwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi kifo chake mwaka 1909, ikaingia chini ya Sudani mwaka uliofuata, na mwaka 1914 ikaunganishwa na Uganda, makao ya utawala yakiwa Arua. Utawala mpya ulikuja na kodi, na kodi huja na orodha ya majina. Kiswahili nacho kilikuja kwa njia hizohizo za dola: kambini kwa wanajeshi wa King’s African Rifles, miongoni mwa Wanubi, na katika amri za maofisa wa chini. Katika eneo hili Kiswahili kilijulikana kwanza kama lugha ya anayeuliza jina lako, sifa ambayo haikukisaidia sana baadaye.

Watu wa West Nile wenyewe waliwahi kuwa upande wa pili wa meza. Baada ya utawala wa Idi Amin, mzaliwa wa ukoo wa Koboko, kuangushwa mwaka 1979, maelfu ya Walugbara, Wakakwa na wenzao walikimbilia kusini mwa Sudani na Zaire. Barbara Harrell-Bond aliwachunguza huko Yei na viungani mwake mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kitabu chake cha mwaka 1986 kilikuwa miongoni mwa tafiti za kwanza kuwaweka wakimbizi wa Afrika katikati ya maswali ya kitaaluma kuhusu misaada. Mwaka 1992 yeye na wenzake wawili waliandika tena, safari hii kuhusu kitendo chenyewe cha kuwahesabu wakimbizi na uhusiano wa mfadhili na mfadhiliwa unaojengwa na kitendo hicho. Wazee wa Terego na Koboko hawahitaji kusoma maandishi hayo ili kuyaelewa. Kadi ya posho waliishika wao kabla haijashikwa na wageni wao wa leo.

Kuna daftari jingine ambalo historia za wakimbizi hulisahau. Kituo cha afya cha Omugo kilikuwa kituo muhimu cha kutibu malale, na katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliendesha huko mpango mkubwa wa kupima na kutibu ugonjwa huo. Malale haimalizwi na sindano ya mwisho. Kwa utaratibu wa tiba wa wakati ule, mgonjwa alitakiwa kurudi kupimwa kila baada ya miezi kadhaa kwa muda wa miaka 2 ili ijulikane kama vimelea vimeisha. Hivyo aliyetibiwa kwa jina fulani ilibidi apatikane tena kwa jina hilohilo. Tatizo ambalo lingeleta misururu ya watu mwaka 2018, la kumtambua mtu wa leo katika maandishi ya jana, lilikuwa tayari limepiga hodi Omugo, likiwa katika umbo la daftari la wagonjwa.

3. Programu inayohamwa na programu inayohamiwa

Historia ya programu yenyewe inaanzia mbali. Wakati wa vita vya Kosovo mwaka 1999, wafanyakazi wa kampuni ya Microsoft walisaidia kutengeneza vifaa vya kuwaandikisha wakimbizi waliopoteza vitambulisho. Kutokana na uzoefu huo, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilianzisha mradi ulioleta proGres, programu iliyoanza kusambazwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Matoleo yake ya awali yalikaa katika seva ya ofisi husika. Kila ofisi ilikuwa na hifadhidata yake, na mtu aliyevuka kutoka eneo la ofisi moja kwenda jingine angeweza kuzaliwa upya kama rekodi mpya.

Toleo la 4 lilijengwa juu ya jukwaa la Microsoft Dynamics, ambalo asili yake ni programu ya biashara ya kufuatilia wateja wa kampuni. Taarifa zilikusanywa mahali pamoja na kufikiwa kwa kivinjari kupitia mtandao. Sambamba nalo ulikuja mfumo wa BIMS, uliojaribiwa Malawi katika kambi ya Dzaleka na kuanza kuenezwa mwaka 2015, unaochukua alama za vidole vyote 10 na mboni za macho mawili.

Uganda ilikuwa na njia yake. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 iliweka mamlaka mikononi mwa serikali, na katikati ya muongo uliopita Ofisi ya Waziri Mkuu ilikuwa ikiandikisha wakimbizi kwa mfumo wake yenyewe uitwao RIMS. Jambo hili halipaswi kupuuzwa. Serikali ya Afrika kuwa na hifadhidata yake, badala ya kukopa ya shirika la kimataifa, ni suala la mamlaka na si la teknolojia tu. RIMS haikuwa kosa tangu mwanzo. Ilizidiwa.

4. Mwaka wa kuzidiwa

Mapigano yalizuka tena Juba Julai 2016 na kuenea Equatoria. Agosti mwaka huo yalifunguliwa makazi ya Bidibidi huko Yumbe, Februari 2017 yakafuata ya Imvepi, na baadaye katika mwaka 2017 upanuzi wa Omugo. Mwezi Agosti 2017 Uganda ilitangaza kuwa wakimbizi kutoka Sudani Kusini pekee wamefika milioni 1. Wengi walioletwa Omugo walipitia kituo cha mapokezi cha Imvepi, wakapewa kiwanja, nguzo na turubai, na kupelekwa katika vijiji vilivyotajwa kwa namba.

Uandikishaji wa dharura una kanuni yake, nayo ni kasi. Karani ana dakika chache, mtandao unakatika, jua ni kali, na anayeulizwa hajala. Majina yaliandikwa kama yalivyosikika. Tarehe ya kuzaliwa isipojulikana huandikwa 1 Januari, ndiyo maana orodha za wakimbizi duniani zina watu wengi waliozaliwa siku ya mwaka mpya. Haraka hiyo ilikuwa na sababu nzuri, kwani watu walihitaji kula kabla ya kuhitaji tahajia. Lakini rekodi ya dharura ina tabia ya kukaa, na iliyoandikwa kwa dakika 5 mwaka 2017 ndiyo iliyofikia meza ya uhamisho mwaka 2018.

Mwanzoni mwa mwaka 2018 zilitangazwa hadharani tuhuma kwamba idadi ya wakimbizi imetiwa chumvi, pamoja na tuhuma nyingine za ubadhirifu. Baadhi ya maofisa walisimamishwa kazi kupisha uchunguzi. Wafadhili walitaka hesabu mpya. Serikali na UNHCR zikakubaliana kuwahakiki wakimbizi wote nchini kwa mifumo ya UNHCR. Kazi ilianza Oruchinga, kusini-magharibi mwa nchi, tarehe 1 Machi 2018, ikafika West Nile baadaye mwaka huo, na kukamilika Oktoba. Takwimu za kabla zilikuwa takriban milioni 1.4. Waliohakikiwa walikuwa takriban milioni 1.1.

Pengo hilo la watu wapatao laki 3 limesomwa kwa namna nyingi. Wapo walioliona kuwa ushahidi wa udanganyifu mtupu. Usomaji huo ni mwepesi mno. Ndani ya pengo wamo waliorudi makwao, waliohamia mijini, waliokufa bila kifo kuripotiwa, walioandikishwa mara mbili, raia waliojiandikisha kwa ajili ya posho, na pia waliokosa kufika siku ya zamu yao. Hifadhidata mpya huwapa wote hawa hali moja: hawapo. Kaskazini mwa Kenya nako, raia wa Garissa waliojiandikisha kama wakimbizi wakati wa ukame walikuja kunyimwa vitambulisho vya taifa kwa sababu vidole vyao vilikwisha kuwa vya mkimbizi. Koboko, ambako Wakakwa wa Uganda, wa Yei na wa Kongo wana lugha moja na majina yaleyale, mstari kati ya mwenyeji na mgeni ni mwembamba vilevile.

5. Jina mbele ya meza

Neno lililotumika kwa kazi ya mwaka 2018 kwa Kiswahili ni uhakiki, neno ambalo idara zetu za fasihi zimelitumia kwa miongo mingi kwa maana ya kusoma matini na kuitolea hukumu. Huenda lililingana na kilichotendeka kuliko waliolichagua walivyodhani. Mezani palikuwa na matini mbili za mtu mmoja: rekodi ya RIMS na maneno ya mwenyewe. Msomaji alipaswa kuamua kama zinamhusu mhusika yuleyule.

Mila za majina zilizokutana Omugo ni nyingi. Wadinka na Wanuer hutaja jina la mtu, kisha la baba, kisha la babu. Hakuna jina la ukoo linaloshirikiwa na mume, mke na watoto. Mama na mwanawe wanaweza wasiwe na neno hata moja linalofanana katika majina yao, na karani aliyezoea kuona ukoo mmoja katika kaya atawatilia shaka. Kwa Wabari na jamaa zao, majina kama Lado, Wani, Poni na Keji hutolewa kwa kufuata mpangilio na mazingira ya kuzaliwa, hivyo kijiji kimoja huwa na akina Wani wengi. Kwa Walugbara, jina hueleza hali ya nyumba alimozaliwa mtoto: Candia ni wa kiume na Candiru wa kike, yote yakitaja shida iliyowapata wazazi. Herufi c hapo hutamkwa kama ch ya Kiswahili, na aliyesomea Kiswahili ataandika Chandiru bila kujua kwamba amemzaa mtu wa pili.

Aidha, kuna suala la mkono ulioandika kwanza. Aliyesoma chini ya Wafaransa au Wabelgiji ataandika Djuma. Aliyesoma Kenya au Uganda ataandika Juma. Makazi ya Lobule huko Koboko, yaliyofunguliwa mwaka 2013 kwa ajili ya Wakongo, yanakutana na jambo hili kila siku. Herufi za Kidinka zenye nukta mbili juu, au ŋ inayoanzisha majina mengi, hazimo katika kibodi ya kawaida, kwa hiyo huangushwa. Jina la Kinuer huandikwa Gatkuoth na pia Gatkoth, na wenye nalo hawaoni tofauti kwa kuwa kwao jina ni sauti.

Mtu anaweza kudhani mashine ina dawa ya hili. Mbinu kongwe ya kulinganisha majina kwa sauti ni Soundex, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918, na kizazi chake kimo katika programu nyingi za biashara hadi leo. Soundex huweka herufi ya kwanza, hutupa irabu, na kuzipa konsonanti zinazobaki namba. Ukiijaribu kwa majina ya West Nile, Candiru na Chandiru hupata alama moja, C536, jambo la kufurahisha. Lakini Juma hupata J500 na Djuma D250, hivyo mtu mmoja akawa wawili. Tena Lado na Lydia wote ni L300, hivyo mwanamume wa Kibari na mwanamke aliyebatizwa Lydia wakawa sauti moja. Jaribio hili si maelezo ya namna proGres inavyolinganisha majina. Linaonyesha tu kwamba kanuni ya kulinganisha ina lugha yake ya kuzaliwa, na lugha hiyo si ya hapa.

Ndiyo maana kazi iliangukia kwa wakalimani. Skrini zilikuwa za Kiingereza. Msururu ulizungumza Kiarabu cha Juba, Kibari, Kikakwa, Kinuer, Kidinka na lugha nyingine, huku Kiswahili kikijulikana kwa waliowahi kuishi uhamishoni Kenya au Uganda na kwa askari waliosimamia utulivu. Mkalimani hakutafsiri maswali tu. Alimweleza karani kwamba Wani huyu si Wani yule, kwamba jina la pili si la mume, kwamba Mariam wa RIMS ndiye Mary wa leo. Kila kauli ya namna hiyo ilikuwa uamuzi wa kuhamisha au kutohamisha rekodi. Waliokataliwa au waliotofautiana na rekodi yao walielekezwa kwenye dawati la mashauri, na huko pia mkalimani alihitajika kwanza.

6. “Kesi” inakuwa kundi

Badiliko jingine halikuonekana kwa waliosimama kwenye msururu, ingawa liliwagusa. Matoleo ya zamani ya proGres yaliijenga kumbukumbu juu ya kaya, iliyoitwa kwa Kiingereza jina ambalo kwa Kiswahili cha Uganda na Kenya limekuwa kesi. Neno hilo masikioni mwa mkimbizi ni la mahakamani, na kuambiwa “kesi yako ina watu 7” huleta hofu isiyo na sababu. Toleo la 4 lilimfanya mtu mmojammoja kuwa msingi, na kaya ikawa kundi la uandikishaji linaloweza kuunganishwa au kugawanywa.

Kwa maandishi, hili ni pana na la haki zaidi, kwa kuwa mke anaweza kuwa na rekodi inayojitegemea. Kiutekelezaji, kaya za Omugo hazikuwa na umbo moja la kuhamishwa. Kulikuwa na nyanya anayelea wajukuu ambao mama yao yuko Yei, kulikuwa na wake wawili wa mume mmoja katika viwanja viwili, na kulikuwa na kijana aliyefika peke yake na kuambatanishwa na jirani ili apate posho. Aliyeandikwa katika kundi la mwingine alitegemea kundi hilo lisivunjike.

7. Baada ya uhamisho

Kila kaya iliyohakikiwa ilipewa barua ya uthibitisho yenye picha na majina ya wanakaya. Ugawaji wa chakula ulianza kuangalia vidole na macho kwenye lango, ukisoma taarifa zilezile zilizohamishwa. Mwaka 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliruhusu barua hiyo, pamoja na kitambulisho cha mkimbizi, itumike kusajili laini ya simu. Hivyo tahajia iliyochaguliwa mezani ikaenea hadi kwenye akaunti ya fedha ya simu. Mwaka 2023, kutokana na upungufu wa fedha, Mpango wa Chakula Duniani uliwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi 3 kwa kadiri ya uhitaji, na viwango vya posho vikatofautiana. Umri, jinsia, ulemavu, idadi ya wategemezi: vyote hivi ni visanduku katika rekodi, na vingine vilijazwa Imvepi kwa dakika 5.

Marekebisho ya jina yanawezekana, lakini yanahitaji ushahidi, na ushahidi wa wengi uliungua Equatoria. Kwa hiyo watu wazima wengi wameishia kulizoea jina la mfumo. Hulitaja mbele ya meza na kutumia jina lao nyumbani. Kwa watoto si rahisi hivyo. Aliyefika Omugo akiwa na miaka 5 mwaka 2017 amefikia umri wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mwalimu hunakili jina lake kutoka kwenye barua ya uthibitisho, mara nyingi akitanguliza jina la mwisho kama ilivyo desturi ya shule za Uganda, na kwa mtoto wa Kinuer au wa Kidinka jina la mwisho ni la babu. Cheti kitakuja kwa jina la babu yake likiwa mbele, katika tahajia ya karani wa dharura.